Mashina ya Uzi Mwekundu

"Wapo tena," alisema dada yangu Foelke huku akimimina chai. "Leo wamevaa makoti ya buluu."

Niligeuka dirishani. Nje kulikuwa na ukungu wa Novemba, ule unaolala juu ya mashamba yetu wiki nzima bila kusogea, na ndani ya ukungu zilisimama sukuma wiki zake, mashina thelathini na ushei, kila moja limenizidi urefu. Sukuma za kwetu Friesland ya Mashariki, mpakani na Uholanzi, si za kuinamia. Zina shina la kushika kwa mikono miwili na majani yaliyojikunja huko juu kabisa, na ukizitazama kwenye ukungu unaweza kudhani ni watu wanasubiri basi. Lakini watu hawakuwapo.

"Kina nani hao?" niliuliza.

"Watu wadogo. Wafupi hivi." Akaonyesha usawa wa goti. "Wanapita kati ya mashina kwa mstari. Hawasemi kitu. Mmoja kabeba sinia."

"Sinia la nini?"

"Tupu. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Akachukua kijiko cha krimu ili aidondoshe pembeni mwa kikombe, lile wingu jeupe lipande lenyewe kutoka chini, kwa maana kwetu chai haikorogwi. Krimu ikaangukia kwenye kisahani. Hakuiona, au alijifanya hakuiona. Nilidhani amekosea kwa aibu.

"Usimwambie Reemt," alisema.

"Simwambii."

"Apa."

Nikaapa. Reemt ni mwanawe wa pekee, fundi wa mitambo ya upepo, mtu mwema lakini mwenye haraka. Mwezi uliotangulia Foelke alikuwa amemimina maji ya moto nje ya birika na kujiunguza mkono, na Reemt akaenda moja kwa moja kwenye makao ya wazee mjini, akachukua fomu. Alisema hivi mbele yetu sote wawili: "Mama, likitokea jambo jingine moja tu, unahama. Sitaki nikukute sakafuni." Makao yale yana maua kwenye vyungu. Bustani hayana.

Niseme ukweli, hata mimi niliogopa. Mimi nina miaka sabini na mmoja, Foelke sabini na tisa, na nyumba zetu zimetenganishwa na ua mmoja wa miti wenye tundu la kupitia. Mama yetu alimaliza miaka yake sita ya mwisho akiwatafuta watoto aliokuwa ameketi nao meza moja. Alikuwa ananiuliza mimi, mwanawe: "Binti, hujamwona Geeske wangu?" Nilipomsikia Foelke akisimulia makoti ya buluu, nilisikia sauti ya Mama nyuma ya sauti yake. Na mimi nikiwa na hofu, huwa nagombeza watu.

Nilianza na chakula. Katika lile gazeti la bure la duka la dawa nilisoma kwamba jicho na ubongo ni ndugu wa tumbo moja. Mwili unapochoma chakula chake hutoa cheche, na kadiri umri unavyokwenda cheche hizo huunguza kidogo kidogo sehemu zilizo laini kuliko zote, nyuma ya jicho na ndani ya kichwa. Lakini vipo vitu kwenye vyakula vinavyozizima, vinaitwa antioksidanti. Vimo kwenye majani mabichi, kwenye yale matunda madogo meusi ya msituni, kwenye njugu, na samaki wa mafuta naye husaidia kwa njia yake. Niliukata ule ukurasa kwa mkasi nikaubandika juu ya jiko la Foelke.

"Nini tena hiyo?" aliuliza, akiisogelea karatasi mpaka pua ikagusa.

"Mpango wako. Jumanne na Ijumaa samaki wa heringi. Asubuhi uji na matunda meusi. Njugu kiganja kimoja. Na sukuma kila siku, ila nitazipika mimi, kwa mvuke, bila mafuta ya nguruwe na bila soseji."

"Bila mafuta? Hicho ni chakula cha sungura."

"Ni chakula cha ubongo."

"Ubongo wa sungura, basi. Geeske, hizi sukuma nimezila tangu sijaota meno. Kama zingekuwa dawa, ningekuwa naona sindano iliyoanguka Uholanzi."

Lakini alikula. Majira yote ya baridi alikula, akinung'unika, na mimi nilikaa mbele yake kama mkaguzi mpaka sahani iwe safi. Kisha, kikombe cha tatu kikishamiminwa, maana kwetu mgeni hanyanyuki kabla ya cha tatu, nilimwuliza: "Wapo?" Nilitamani ajibu hapana.

"Wapo," alikuwa akisema. "Leo wamekuja na farasi mweupe, mdogo kama paka. Wanampitisha taratibu, wasije wakamchafua."

Siku nyingine hawakuwapo watu, ila ukuta mzima wa jikoni ulikuwa umefunikwa na kitambaa cha lesi kilichokuwa kikiota chenyewe, fundo juu ya fundo, mpaka darini. Siku nyingine mto ulipita sebuleni, wa rangi ya chai, na kando yake walikaa wanawake wenye kofia ndefu wakiosha kitu kisichoonekana. Foelke alisimulia kwa sauti ya chini, uso umetulia. Nje ukungu, ndani joto la jiko, na bonge la sukari likipasuka taratibu ndani ya kikombe. Mungu anisamehe, zilikuwepo alasiri ambazo nilisahau kuogopa. Nilianza kuwafahamu watu wale. Nilipita kwenye tundu la ua nikajikuta natembea pembeni ya njia, nisije nikawakanyaga.

Halafu nikifika kwangu hofu inarudi, na kesho yake naongeza njugu.

Foelke alikuwa Malkia wa Sukuma mwaka ule. Wageni huona ni mchezo, na kweli ni mchezo, lakini kijijini kwetu hakuna anayeuchezea. Kila Februari tunatembea pamoja mashambani, tukivuta mkokoteni wenye chupa za pombe kali, mpaka kwenye nyumba ya wageni ya Onno, na huko tunakula sukuma mpaka mikanda ilegee. Mwishoni anateuliwa mfalme au malkia, anavishwa taya la nguruwe kwenye utepe, na mwaka unaofuata ndiye anayeongoza matembezi na kutoa majani ya karamu. Taya lilikuwa limening'inia juu ya kitanda cha Foelke tangu mwaka uliotangulia. Alisema linamlinda.

Siku moja kabla ya matembezi, Ijumaa mchana, Reemt alikuja kumsaidia kubeba. Foelke alikuwa ameshakata vichwa vyote vya sukuma peke yake na kuvirundika kwenye meza ya jikoni, kilima cha kijani chenye barafu bado kwenye mikunjo. Mimi nilikuwa nachambua majani. Nikavuta jani moja, na uzi mwekundu wa sufu ukaja nalo.

Nikachakura, nikapata uzi wa pili. Reemt akaupata wa tatu.

Mashina ya uzi mwekundu ndiyo mama wa mbegu. Kila mwaka Foelke huchagua matatu yaliyo bora, huyafunga uzi juu karibu na majani, na hayo hayaguswi. Yanapita baridi nzima yakiwa yamesimama, na mwaka wa pili yanachanua na kutoa mbegu. Bibi yetu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Katika baridi ya njaa baada ya vita, Foelke akiwa mtoto wa kunyonya, Mama alikula maganda ya viazi, na nje ya dirisha mashina matatu yalisimama na majani yake yote. Hayakatwi. Shina lililokatwa kichwa kabla ya baridi kwisha huoza kutoka juu mpaka chini, ndivyo tulivyofundishwa. Na mbegu za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeozeshwa na mvua. Akiba haikuwepo.

"Mama," alisema Reemt taratibu. "Umekata yenye uzi."

Foelke alizishika zile nyuzi, akazipitisha vidoleni moja baada ya nyingine.

"Wewe ndiye uliyenichapa nilipoegemeza baiskeli kwenye shina la uzi. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi kwa nini?"

Akazikunja nyuzi kiganjani. Na mimi, badala ya kumwuliza swali jingine, nilifungua mdomo nikamwaga kila kitu. "Anaona watu, Reemt. Tangu Novemba. Watu wadogo bustanini, na farasi. Nimemlisha kila kitu na bado wapo."

Foelke aligeuza uso upande wangu. Hakunitazama machoni, alitazama kando ya sikio langu.

"Nilikwambia wewe, Geeske," alisema. "Sikuliambia gazeti."

Reemt alikwenda uani akapiga simu. Aliporudi alikuwa amepata nafasi Jumatatu kwa daktari wa kumbukumbu, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyelala vizuri siku zile, naapa, hata yeye.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walitaka kuahirisha. Foelke alivaa taya lake shingoni, akakamata mpini wa mkokoteni, akaondoka mbele bila kungoja mtu. Tulikuwa watu ishirini na wawili na hakuna aliyeona zaidi ya mgongo wa mwenzake. Yeye alitembea kama yuko ukumbini kwake. "Daraja," alisema, na hatua tatu baadaye miguu yetu ikagonga mbao. "Kulia, kuna mfereji." Vijana wenye tochi walimfuata bibi wa miaka themanini kasoro moja. Nilikuwa nyuma yake kabisa, na hakuniambia neno njia nzima. Nilijiuliza kichwa gani hiki kinachosahau uzi mwekundu na kukumbuka kila mfereji.

Kwa Onno tulikula. Sukuma za Foelke zilikuwa zimepikwa tangu alfajiri, na mafuta na soseji ya shayiri, na yeye alikula sahani tatu akinielekezea uma kila tonge, ili nione. Mwisho mfalme mpya akatangazwa: ni Onno mwenyewe, kwa kupiga sahani tano na kulia machozi. Watu wakagonga meza. Foelke akasimama, akavua taya, akanyoosha utepe kwa mikono miwili ili amvishe.

Akamvisha hewa. Utepe ulipita kando ya bega la Onno, taya likaanguka kwenye sahani na mchuzi ukaruka. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani ni pombe.

"Malkia kalewa!" mtu alipiga kelele.

"Mfalme ndiye kapungua," alijibu Foelke, na kicheko kikazidi. Lakini mimi niliitazama mikono yake. Alipoliokota taya, vidole vilitangulia mezani kama vinatafuta njia, vikampata Onno mkononi, vikapanda begani, vikafika sikioni. Hapo ndipo akamvisha. Na muda wote ule uso wake ulikuwa umeelekea dirishani.

Nikakumbuka krimu kwenye kisahani, birika, pua iliyogusa karatasi, na sikio langu.

Nilimshika mkono nikamtoa nje, kwenye ukungu, nyuma ya mabanda ya baiskeli.

"Foelke. Unaniona?"

"Nakusikia, inatosha. Una sauti ya kutosha watu wawili."

"Unaniona uso?"

Matone yalidondoka kutoka kwenye paa la bati.

"Ninaona masikio yako," alisema. "Na nywele. Katikati pana shimo, la rangi ya majivu. Nikikutazama wewe, haupo. Nikitazama kando, unakuja kidogo, halafu unakimbia. Uso wako sijauona tangu wakati wa kuvuna viazi."

"Na uzi?"

"Niliutafuta kwa macho, nikaona shimo tu. Nikaona aibu kuutafuta kwa vidole kwenye shamba langu mwenyewe. Nikahesabu hatua nikakosea mstari."

"Mungu wangu, kwa nini hukusema?"

"Nani angeamini kwamba ni macho tu? Ningesema sioni, mngeniuliza vitu vingine. Ingebidi niseme ninaona nini." Akanishika mkono wa koti. "Wale wadogo nawaona mpaka vifungo vya makoti, Geeske. Wewe nakukosa, wao nawaona mpaka vifungo. Kichwa kizima kinafanya hivyo? Mama naye alianza hivi?"

Nilimkumbatia pale kwenye matone, na tulinuka mafuta ya nguruwe sote wawili.

Jumatatu Reemt alipowasha gari nilikaa kiti cha mbele nikamwambia: "Kwanza daktari wa macho."

"Mama mdogo, huko watu wanasubiri miezi."

"Endesha."

Msichana wa mapokezi alisema hakuna nafasi mpaka Juni. Nilimwambia nitakaa palepale mlangoni mpaka niote mizizi, na nikaketi juu ya mkoba wangu. Saa tatu baadaye tuliitwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mikono baridi. Alimtazama Foelke ndani ya macho kwa taa yake, akapiga picha, akatuonyesha: nyuma ya kila jicho pana kitone cha njano, kidogo kuliko punje ya mtama, na hicho ndicho cha kusomea na kuonea nyuso. Cha kushoto kilikuwa kimechakaa. Cha kulia maji yalikuwa yameanza kuvuja chini yake, na hicho, alisema, kinaweza kushikiliwa kwa sindano, tukianza wiki hii. Kisha akazima taa, akamwuliza Foelke swali kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha.

"Na huwa unaona vitu ambavyo havipo? Mapambo ukutani? Watu wadogo?"

Foelke alishika ukingo wa kiti.

"Nani kakwambia?" alisema, akageuza kichwa kunitafuta.

"Hakuna aliyeniambia. Huwa nawauliza wote. Wengi wanaona, na wengi hawasemi kwa hofu ya watoto wao. Ubongo umezoea kuletewa picha. Macho yakiacha kuleta, unajichorea wenyewe, basi. Wanavaa vizuri, sivyo? Mara nyingi wana kofia."

"Ndefu," alinong'ona Foelke.

"Siyo kichaa, mama. Na siyo kusahau."

Dada yangu alilia bila kujificha, na Reemt, yule jitu anayepanda minara ya upepo, alipiga magoti sakafuni na kumshika mama yake miguu. "Nisamehe, Mama," alisema. "Nisamehe." Ile fomu aliichana siku hiyohiyo jikoni na kuwashia jiko.

Lakini mimi nilikuwa bado na langu. "Daktari, nimemlisha majani majira yote ya baridi. Hayakusaidia kitu?"

"Hayarudishi kilichokwisha," alisema. "Ila ile rangi ya njano ndani ya jicho inatoka kwenye majani hayohayo, mwili hauwezi kuitengeneza. Inalinda kilichobaki. Asiache. Mnazipikaje?"

"Kwa mvuke," nilisema kwa fahari. "Bila tone la mafuta."

"Ah. Tieni mafuta kidogo. Rangi ile husafiri kwenye mafuta. Bila mafuta sehemu kubwa inapita tu."

Kisha nilisikia kicheko cha dada yangu kikianza chini tumboni.

"Miezi mitatu ya sungura!" alisema. "Miezi mitatu, Geeske!"

Hakunisamehe siku ile kuhusu ulimi wangu, hata hivyo. Alinichekea, lakini kikombe cha tatu hakunimiminia. Aliweka kijiko ndani ya kikombe changu kwa mkono wake mwenyewe, na kwetu hiyo ni kusema yatosha, nenda nyumbani. Iliendelea hivyo Machi yote. Nilimpeleka kwenye sindano, nikamsomea barua, nikapika sukuma na mafuta, na kila alasiri kijiko kiliingia kikombeni baada ya kikombe cha pili. Niliumia, lakini nilijua nimejitakia mwenyewe.

Mashina mawili kati ya yale matatu yalioza kutoka juu, kama tulivyofundishwa. Niliyang'oa. La tatu lilisimama bila kichwa mpaka Aprili, na sikuwa na moyo wa kuligusa. Asubuhi moja ya Mei nilipita kwenye tundu la ua na kukuta vichipukizi vimetoka ubavuni mwake, kumi au zaidi, na kwenye ncha zake maua ya njano yamefunguka, nyuki wameshajaa.

Nilimkimbilia Foelke nikamleta kwa mkono. Nilimsimamisha mbele ya shina.

"Siyo hivyo," alisema. "Usiniweke mbele." Akajisogeza mwenyewe ubavu, akatazama mbali, kwenye uwanda na anga, na akakaa hivyo akingoja. Polepole uso wake ulifunguka. "Njano," alisema. "Lote njano. Geeske, limechanua."

"Na wale wengine, wapo?"

"Mmoja tu. Yule wa sinia. Siku hizi wanapungua." Alisema kwa huzuni kidogo, nikamwelewa, kwani nami nitawakosa.

Tuliingia ndani kunywa chai. Nilizunguka meza, nikaacha kiti changu cha mbele yake nilichokalia miaka yote hii, nikaketi pembeni, karibu na dirisha, mahali ambapo ilibidi ageukie nje ili anione. Alimimina cha kwanza, cha pili. Akatazama bustanini, na jicho lake la kulia likasimama. Mkono wake ulivuka meza bila kupapasa ukanishika shavu.

"Umezeeka, mdogo wangu," alisema. "Ndiyo wewe huyo."

Akaninyang'anya kijiko, akakiweka kando kwenye kisahani, akanimiminia cha tatu.